Dhamana Si Faini
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Eldoret)



Mwenzetu mmoja alikamatwa. Tulichanga shilingi 5,000, tukamtoa kwa dhamana. Yeye alidhani amekwisha kulipa faini; siku ya kesi akaja kazini kama kawaida. Hakimu akaamuru akamatwe tena, na fedha zetu zikachukuliwa na Serikali.

Basi tujue haki yetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata. Apewe dhamana, isipokuwa pana sababu nzito. Ikiwa adhabu ya kosa ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, asiwekwe rumande.

Lakini dhamana ni ahadi ya kurudi. Tukirudi kila tunapoitwa, kesi ikiisha fedha hurudishwa. Kwa hiyo tudai risiti, tuitunze, na tumwambie katibu mapema siku ya kesi, ili atusaidie kuomba ruhusa kazini.

Fedha zile zilikuwa jasho letu sote. Zisipotee tena.