KUHESABU MAJINA NA KULINDA NJIA
Maneno yaliyosemwa mbele ya waumini na walimu wa Kawajense katika Jubilei ya miaka 25 ya Jimbo la Mpanda



Sisi makatekista tumepewa kusema habari ya darasa la watu wazima, yaani darasa la wale waliokosa shule katika utoto wao, au waliokatizwa njiani. Twaomba mtusikilize kwa uvumilivu, maana habari hii ina furaha ndani yake, tena ina aibu yetu wenyewe.

Jimbo letu lilizaliwa mwaka 2000, likitoka katika Jimbo la Sumbawanga. Lakini mbegu yake ni ya zamani zaidi. Mapadre Weupe walishika kazi Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Zamani zile mtu aliyetaka ubatizo alifundishwa muda wa miaka minne, na wengi wa wanafunzi hao walikuwa watu wazima, waliokuja wakiwa na majembe begani na watoto mgongoni. Basi asiseme mtu kwamba kumketisha mtu mzima darasani ni jambo geni. Kanisa la nchi hii lilianza kwa watu wazima waliokubali kuwa wanafunzi.

Tena twamkumbuka Adriano Atiman, katekista na mganga. Alizaliwa mbali sana, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alitekwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa, hata wamisionari wakamkomboa. Alijifunza uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu na kuwafundisha watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Twamsifu kwa elimu yake, na ni haki. Lakini tusisahau mwanzo wa habari yake: alikuwa mtoto aliyenyakuliwa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumlinda. Jambo hili mliweke moyoni, kwa maana tutalirudia.

Sasa tuseme kidogo habari ya elimu hii katika nchi yetu. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ikawekwa kwa sheria Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Baadaye, karibu na mwaka 2000, ukaja mpango wa MEMKWA kwa watoto walioikosa elimu ya msingi. Na kwa wale waliokatizwa sekondari iko njia nyingine: kusoma masomo ya kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, na ya kidato cha tatu na cha nne kwa mwaka mwingine, kisha kufanya mtihani wa Baraza kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilitoa ruhusa arudi katika shule ya kawaida. Jambo hili latuhusu sisi kuliko wengi. Katika uchunguzi wa afya wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2015 na 2016, mkoa wetu wa Katavi ulionekana kuwa wa kwanza: katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hata 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Wasichana hao wa siku zile leo ni mama zetu wa jumuiya. Wako kati yenu. Wanauza mboga sokoni, wanalima mpunga, wanaimba katika kwaya, na wengine wao, tukiwapa kitabu cha nyimbo, hukishika tu wakaimba kwa kukumbuka.

Kwa ajili ya watu kama hao tulisaidia kuanzisha darasa la jioni. Tulitangaza baada ya Misa Dominika tatu. Walikuja wengi kuliko tulivyotazamia: vijana wa pikipiki, wafyatua matofali, akina mama wenye watoto wachanga, hata babu mmoja aliyetaka kujua kusoma barua ya mwanawe bila kumwita jirani. Tuliandika majina yao katika daftari, nasi tulilipenda daftari lile. Tulilionyesha kwa wageni, tukasifiwa.

Kisha mvua za masika zikaanza, na giza likawa linaingia mapema kwa sababu ya mawingu. Benchi la wanawake likaanza kupungua. Juma hili wawili hawakuja, juma lililofuata wanne. Sisi tukakasirika. Tukasema mbele ya darasa kwamba watu wa hapa hawana bidii, na kwamba wanawake wanapenda maneno kuliko vitabu. Ndivyo tulivyosema, na leo twaungama hadharani.

Jioni moja mama mmoja mtu mzima alibaki nyuma. Akasimama mlangoni, asiingie, akasema kwa adabu: «Shikamoo, mwalimu.» Tukashangaa, maana tu sawa naye kwa umri. Tukamjibu. Akasema: «Mwalimu, kila siku mwatuuliza kwa nini hatuji. Hamjatuuliza hata mara moja twarudije nyumbani.»

Ndipo akatueleza. Katika njia ya kutoka darasani ilikuwapo nyumba isiyokwisha kujengwa, na vijana walikaa humo wakati wa usiku. Waliwaita wanawake kwa maneno machafu. Msichana mmoja alishikwa mkono, akaponyoka, akakimbia peku akiacha madaftari yake katika tope. Hakumwambia mtu nyumbani, kwa kuwa alijua atakatazwa kusoma. Wala sisi hakutuambia, kwa kuwa alitusikia tukisema habari za uvivu.

Ndugu zetu, tulikaa kimya. Mchungaji mwema huwahesabu kondoo wake jioni, wakiwa wamekwisha kuingia zizini. Sisi tuliwahesabu mchana wakila majani, tukaenda zetu kulala.

Tangu siku hiyo tulibadili mambo. Kwanza, tuliuliza wanafunzi wenyewe saa iwafaayo, nao wakachagua saa kumi za alasiri mpaka saa kumi na mbili kasoro, ili wafike nyumbani kukiwa na mwanga. Vijana wa pikipiki walipoteza abiria wa saa hizo, lakini walikubali, na twawashukuru. Pili, tuliwapanga wanafunzi kwa njia zao. Kila njia ina kiongozi wake, na hakuna aendaye peke yake. Tatu, tuliongeza daftari la pili. La kwanza huonyesha aliyekuja. La pili huonyesha aliyefika kwake. Kiongozi wa njia hutoa habari jioni ile ile, na habari isipofika, sisi twatoka kwenda kutazama.

Tena tulitazama chumba chenyewe. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa mabenchi mabovu, tukayaondoa. Tulikumbuka moto wa mwaka 1994 katika bweni la Shauritanga, huko Rombo, ambamo wasichana wapatao 40 waliangamia. Chumba kilichojaa watu na chenye njia moja tu ya kutokea ni mtego, hata kikiwa na picha takatifu ukutani.

Na neno hili twawaambia walimu wenzetu bila kuficha. Hatari haikai njiani tu. Yaweza kukaa mezani, ikishika chaki. Mwanafunzi mtu mzima ana shida nyingi, naye anamhitaji mwalimu. Basi mwalimu asimfundishe mwanamke peke yake katika chumba kilichofungwa, wala asiweke alama au cheti kuwa bei ya mwili wa mtu. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 yahesabu jambo hilo kuwa kosa, na mbele ya Mungu lilikuwa dhambi kabla ya sheria hiyo kuandikwa. Aliyetendewa vibaya asiletwe barazani apatanishwe kwa mbuzi. Apelekwe hospitali, na habari ipelekwe katika dawati la jinsia la polisi. Nasi tufuatane naye.

Je, benchi lilijaa tena? Wengi walirudi. Babu yule amekwisha kusoma barua yake, akalia, wala hakutuambia ina habari gani. Lakini msichana aliyeacha madaftari katika tope hakurudi. Tulipokwenda kwao kumwomba radhi tulikuta amekwisha kuozwa, amepelekwa mbali. Madaftari yake tunayo. Mwandiko wake unaishia katikati ya ukurasa.

Kwa hiyo twawaomba mambo machache tu. Enyi akina baba, mke au binti akitaka kusoma, msimwulize atapika saa ngapi; mwulizeni atapita njia gani, kisha mmsindikize. Enyi wazee wa jumuiya, nyumba zisizokwisha na vichaka vya njiani ni kazi yenu. Visafisheni kama msafishavyo njia ya maandamano ya Ekaristi. Nanyi mnaotaka kujiandikisha mahali popote, kabla ya kutoa ada ulizeni kama kituo kimesajiliwa, nani afundishaye, na milango iko mingapi. Hayo si maswali ya utovu wa adabu. Mwalimu mwema atayafurahia.

Miaka 25 ya Jimbo ni zawadi kubwa. Tutahesabu parokia, tutahesabu mapadre, tutahesabu waliobatizwa, na ni vema. Lakini tumwombe Mungu atupe pia moyo wa kuhesabu jioni, giza linapoingia Kawajense, tukijua ni nani aliyefika kwake na nani bado yuko njiani.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele, amina.