Tungojane Kwenye Chakula

Masomo: Kutoka 12:3-4, 26-27, Luka 24:28-35, 1 Wakorintho 11:20-22, 33



Leo tunasema juu ya sahani ya jioni. Tutaanza na nyumba yetu sisi wenyewe, maana mtumishi asijifiche nyuma ya mimbari.

Binti yetu alirudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya minervali. Hakusema. Kila asubuhi alivaa sare, akateremka na wenzake, akashinda kwa rafiki. Siku tisa! Mama yake alikuwa sokoni mpaka giza. Nasi tulikuwa kwenye vikao, maombi na wagonjwa. Tulirudi usiku, tukakuta bugali umefunikwa, tukala peke yetu, watoto wamelala.

Jioni moja mvua kubwa ikatuzuia nyumbani. Tukakaa wote kwenye mkeka, bugali na sombe katikati. Mtoto akala matonge mawili, akaacha. Tukamwuliza, "Mama, mbona huli?" Ndipo akalia na kusema yote. Akaongeza, "Papa, nilikuwa ninakungoja." Tulikuwa tumeombea watoto wa watu wengi wiki ile. Wa kwetu tulikuwa hatujamtazama usoni.

Wapendwa, angalieni wale wawili wa njia ya Emau. Yesu alitembea nao, akawafafanulia Maandiko tangu Musa na manabii. Mioyo yao iliwaka, lakini hawakumtambua. Walipoketi kula, akatwaa mkate, akabariki, akaumega, akawapa: hapo macho yakafunguka. Sisi wahubiri tunapenda sana mahubiri ya njiani. Lakini Bwana hakuona kuketi kula nao kuwa kupoteza wakati.

Na ile usiku ya Pasaka, Mungu hakuwakusanya Waisraeli mahali pamoja. Alisema mwana-kondoo kwa kila nyumba. Nyumba ikiwa ndogo, iungane na jirani. Akajua kwamba watoto watauliza maana yake, na wazazi watajibu. Mtoto atamwuliza nani, kama baba anakula saluni na wageni, mama anakula jikoni amesimama, na watoto wanagombania sufuria?

Mwingine atasema, "Mchungaji, kwetu hakuna meza." Hata kwetu ni mkeka. Mwingine atasema, "Chakula ni kidogo, tunakula mara moja kwa siku." Tunajua, makala na unga vimepanda bei. Basi kama ni mara moja, hiyo mara moja isiliwe na kila mtu kona yake. Paulo aliwakemea Wakorintho, si kwa sababu chakula kilikuwa kidogo, ila kwa sababu mmoja alishiba na mwingine akabaki na njaa. Dawa aliyowapa ni nyepesi: wangojane.

Baba, kipande cha nyama au samaki unachowekewa peke yako, kikate mbele ya watoto. Mama, kaa chini nawe ule, usibaki kuhudumia tu. Telefone ziwekwe mbali. Tena wazazi, tusigeuze sahani kuwa korti. Mtoto akijua kwamba akifika kwenye chakula atahukumiwa, atakula haraka na kukimbia. Makosa yana saa yake. Kwenye chakula tuulize, halafu tunyamaze tusikie.

Tusisahau jirani: mjane, na mtoto wa waliokimbia vita anayelala nyumba ya pili. Andiko linasema nyumba ndogo iungane na nyingine.

Kwa upande wetu, tumekubaliana na wazee wa kanisa: jioni ya Jumanne hakuna kikao wala mazoezi ya kwaya. Kila mmoja awe kwake kabla ya chakula. Kama mtu atatutafuta Jumanne jioni, asikasirike. Tuko kwenye mkeka, isipokuwa kwa mgonjwa au msiba.

Tuombe. Baba yetu, usamehe sisi tuliolisha kundi na kusahau nyumba yetu. Ubariki kidogo kilicho kwenye sahani. Uketi nasi jioni hii, utufungue macho tuonane. Katika jina la Yesu, amina.