Usiku Mwezi Ulipopatwa Syracuse



Nimeombwa niseme machache kuhusu kupatwa kwa mwezi. Tangu utotoni tumesimuliwa habari za Rahu, kichwa kisicho na kiwiliwili, aumezaye mwezi ukatokea shingoni. Ni hadithi nzuri, wala sitaki ipotee. Lakini leo nitawapeleka Syracuse, katika kisiwa cha Sisilia, usiku wa tarehe 27 Agosti mwaka 413 Kabla ya Kristo.

Jeshi la Athens lilikuwa limeuzingira mji huo bila kuuteka. Kambi ilikuwa penye majimaji, askari wakiugua. Na jemadari Demosthenes, aliyeleta msaada, alikuwa ameshambulia usiku akashindwa. Ikakatwa shauri waondoke kimyakimya kwa merikebu. Kila kitu kilikuwa tayari, adui hana habari. Ndipo mwezi mpevu ulipoanza kufifia, ukafunikwa wote.

Nicias, jemadari mwenzake, alikuwa tajiri, mwangalifu na mcha miungu. Watabiri wakasema wangoje siku 27. Askari wengi nao walitishika. Nicias akakataa hata kujadili safari kabla siku hizo hazijatimia. Sisi wafanyabiashara twajua gharama ya chombo kukaa bandarini siku 27. Yeye alilipa kwa roho za watu. Watu wa Syracuse walipopata habari walitiwa moyo, wakashinda baharini, wakauziba mlango wa bandari kwa vyombo vyao. Watu wasiopungua 40,000 wakashika njia ya nchi kavu, wakiwaacha wagonjwa wao wakilia kambini. Siku chache baadaye yote yalikwisha. Majemadari wote wawili waliuawa. Mateka wasiopungua 7,000 walitiwa katika machimbo ya mawe, mchana jua, usiku baridi, na mgawo wa maji upatao robo lita kwa siku.

Linalosikitisha ni kwamba elimu ilikuwapo. Anaxagoras, aliyeishi Athens miaka mingi kabla ya hapo, alikwisha kueleza sababu ya mwezi kupatwa. Tena Philochorus, naye mtabiri, aliandika baadaye kuwa ishara ile ilikuwa njema kwa wanaotoroka, maana mtoro huhitaji giza!

Huko India, Aryabhata aliandika mwaka 499, akiwa na umri wa miaka 23, kwamba kinachoufunika mwezi ni kivuli cha dunia, akaonyesha namna ya kukokotoa ukubwa wake. Kwa hiyo Rahu na hesabu wamekaa nyumba moja kwa zaidi ya miaka 1,500.

Nasema haya kwa sababu hofu ingali miongoni mwetu. Mwenye kufunga na afunge, mwenye kuoga na aoge. Nami hufanya hivyo. Lakini mjamzito aliyeshikwa na uchungu asizuiliwe nyumbani eti mpaka mwezi ufunguke. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Mwezi utakapopatwa tena, milango ya madhabahu itafungwa kama ilivyo desturi yetu. Ngazi ya kupandia darini nimeomba iachwe wazi, ili watoto wetu na wa majirani wakione kivuli cha duara kikipita. Kuutazama hakudhuru macho.