Swali la mwenye mpunga liandikwe katika mkataba



Tunataka kuzungumzia jambo linalozaa ugomvi wakati wa mavuno hapa Ifakara. Mkulima anapeleka mpunga mashineni, siku ya pili anaulizia mchele wake, na mkataba wao wa mdomo haukusema nani amjibu wala lini.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mwenye mashine anayemkobolea kila ajaye kwa ujira, katika fiqhi huitwa ajiri mushtaraki. Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, wanafunzi wa Imam Abu Hanifa, wanamdhaminisha kilichopotea mkononi mwake, isipokuwa kwa balaa lisiloepukika. Ama kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kuwa mkono wake ni mkono wa amana: halipi ila kwa uzembe au kuvuka mpaka. Basi mkulima wa Mlimba aliyepungukiwa magunia mawili ataujuaje uzembe huo asipouliza?

Kuulizia si kulalamika, wala kulalamika si kudai fidia. Anayeuliza mpunga wake ulikuwa na unyevu kiasi gani hajamtuhumu mtu. Wenye mashine hukasirika hapo kwa sababu mkataba haukuyatenganisha hayo matatu. Kilo 100 za mpunga kwa kawaida hutoa mchele kilo 60 hadi 65 hivi, na mpunga uliokaushwa vibaya hutoa chenga nyingi. Mwenye mashine mwaminifu analo jibu, nalo linamlinda yeye kwanza.

Mteja wa umeme ana EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ya kupelekea malalamiko. Ghala lenye leseni hutoa stakabadhi kwa sheria ya mwaka 2005. Mpunga uliolazwa bandani kwa kuaminiana hauna hata karatasi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, inahusu kuandika deni, si ujira. Lakini hekima yake ya kuondoa shaka inafika hapa pia.

Tunaona iandikwe hivi: mpunga upimwe kwa kilo mbele ya mwenyewe, wala lumbesa isihesabiwe gunia moja. Atajwe mtu wa kuulizwa, na wa badala yake. Swali la simu liwe sawa na la ana kwa ana, maana anayetoka Mngeta hawezi kupanda gari kila siku kwa neno moja. Jibu litolewe ndani ya siku 3. Mwenye mashine naye awekewe siku ya mwisho ya kuulizwa, kwani hawezi kutunza hesabu za msimu uliopita milele. Ama ukimya, wanazuoni hawaufanyi kuwa kauli ila penye haja ya kusema. Basi iandikwe kwamba siku 3 zikipita bila jibu, swali litageuka lalamiko na litakwenda kwa msuluhishi waliyemchagua wote wawili.

Na pumba ziandikwe ni za nani. Hizo ndizo watu huona haya kuziulizia.