Kuondoa Rangi na Kupaka Mafuta Mlango wa Nakshi

Mazungumzo kwa wenye nyumba na mafundi wa Mji wa Kale, Mombasa



Anayepita Ndia Kuu huona milango ya nakshi iliyopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, mpaka maua na minyororo iliyochongwa haionekani vizuri. Mwenye nyumba akitaka kuurudisha mlango ulivyokuwa, mara nyingi humwita fundi mwenye grinda, kwa sababu kazi huisha siku hiyo hiyo. Lakini diski ya grinda haijui rangi inapoishia na mbao inapoanzia. Hula kwanza ncha za maua, kisha kingo za mfaa, na seremala hawezi kuzirudisha.

Kabla ya kuanza kazi, ikumbukwe kuwa Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Anayetaka kubadilisha mlango, dirisha au roshani inayotazama njia aione kwanza ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru zaidi watoto wadogo na kina mama waja wazito. Kwa hiyo rangi isisuguliwe kwa msasa mkavu wala isichomwe moto. Fundi hupaka dawa ya kutoa rangi, husubiri ilainike, kisha hukwangua taratibu kwa kijiti cha mbao au mwanzi uliochongwa ncha, akifuata mkondo wa nakshi. Tandiko la plastiki liwekwe chini, fundi avae glavu na barakoa, na mabaki yasifagiliwe kwenye mtaro. Mlango mmoja unaweza kumaliza wiki nzima. Bei iafikiwe kwa hesabu hiyo, la sivyo fundi ataichukua grinda mwenye nyumba akienda kuswali adhuhuri.

Soda kali nayo isitumike. Huufanya msaji kuwa mweusi na hubaki ndani ya nyuzi za mbao. Waya wa chuma wa kusugulia vyombo huacha vipande vidogo ambavyo, kwa hewa hii ya chumvi, hushika kutu na kutia madoa meusi. Brashi ya shaba ni bora.

Sehemu inayooza mapema ni ya chini, ambapo maji ya mvua hurukia. Ikatwe iliyooza tu, kiungwe kipande cha mbao ya aina ile ile. Saruji hushika maji, na uozo huendelea nyuma yake bila kuonekana.

Vanishi inayong'aa huvutia mwezi wa kwanza. Jua likiipasua, maji huingia chini yake na kukosa pa kutokea. Mlango wa nje hufaa zaidi mafuta ya linsidi yaliyochemshwa. Mkono wa kwanza uchanganywe na tarpentina, upakwe mwembamba, na baada ya kama robo saa yanayobaki juu yafutwe kwa kitambaa. Yaachwe yakauke kabisa kabla ya mkono wa pili. Majira ya kaskazi, Januari na Februari, yanafaa kwa kazi hii kwa kuwa masika haijaingia. Mkono mmoja kila mwaka hutosha baada ya hapo.

Matambara yaliyofutia mafuta hayo ndiyo ya kuangaliwa sana. Yakikunjwa na kurundikwa pembeni, hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka usiku bila kiberiti. Nyumba za Mji wa Kale zimeshikana, zina dari za boriti, na vichochoro vingine gari la zimamoto haliwezi kupita. Kabla fundi hajaondoka jioni, kila tambara lilowekwe kwenye ndoo ya maji, kisha lianikwe nje likiwa limekunjuliwa, mbali na mlango na ngazi za mbao.