Yeremia Atia Saini Akiwa Kifungoni



Ndugu wapenzi wasikilizaji, leo twafungua kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32, mahali ambapo wengi wetu hupapita upesi kwa kuwa hapana muujiza wala unabii wa kutisha. Yerusalemu umezingirwa na majeshi ya Babeli. Nabii amefungwa katika ua wa walinzi kwa sababu alimwambia mfalme ukweli asiotaka kuusikia. Na humo kifungoni anamjia Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, akitaka kumwuzia shamba lililoko Anathothi. (Kuuza shamba ambalo adui amekwisha kulikanyaga! Huyo Hanameli alikuwa mjanja, lakini tumwache.) Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi, kisha anamwagiza Baruku aiweke katika chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi.

Tuangalie jambo moja tu. Hati ile ilifanyika mfungwa alipokuwa. Mashahidi walimfuata uani, wakamwona kwa macho yao akitia saini.

Katika Gereza la Tarime na lile la Mugumu wamo watoto wetu, waume zetu na jirani zetu. Wengine wameshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe, wengine kwa bangi. Wengine, hasa upande wa Serengeti, waliingia hifadhini wakakamatwa na nyama ya nyumbu, ambayo kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ni nyara ya Serikali. Na katika mashauri ya nyara kifungo cha miaka 20 si jambo geni. Hatukusudii leo kupima hukumu za mahakama. Twasema tu kwamba mtu aliyefungwa hakupoteza haki ya kusema, na mara nyingi kusema kwake mbele ya mahakama hupitia katika karatasi.

Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya ana siku 10 za kutoa taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa, na siku 45 za kuleta rufaa yenyewe Mahakama Kuu, bila kuhesabu muda wa kungojea nakala ya hukumu. Karatasi hizo anaweza kuzipitisha kwa mkuu wa gereza. Lakini mtu asiyejua kusoma, au aliyehamishiwa gereza jingine, siku zaweza kumpita. Hapo sheria bado yampa mlango: aiombe Mahakama Kuu imwongezee muda, na ombi hilo litegemee hati ya kiapo ambamo yeye mwenyewe anaapa kwa nini alichelewa.

Hati ya kiapo si barua. Lazima aapishwe na mtu mwenye mamlaka hayo. Wasaidizi wa kisheria wanaotembelea vijiji vyetu hufanya kazi njema, lakini kuapisha si kazi yao. Mawakili ndio ambao kwa kawaida ni Makamishna wa Viapo, nao yawapasa kuandika mwishoni mwa hati mahali na tarehe ya kiapo. Ndivyo isemavyo Sheria Sura ya 12. Pasipo maneno hayo hati huanguka, na mfungwa hurudi kuanza upya. Chini kabisa huandikwa maneno mawili: MBELE YANGU.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotufanya tuchague habari hii. Ni rahisi mno ndugu wa mfungwa kupeleka karatasi mjini, ikapigwa muhuri mezani, na aliyepiga muhuri asimwone kamwe mtu anayedaiwa kuapa mbele yake. Tuuite uongo kwa jina lake. Na ubaya hauishii kwenye rufaa. Kwa njia hiyohiyo hutengenezwa hati ya kumpa kaka mamlaka juu ya shamba la mdogo wake aliyefungwa, yenye dole gumba ambalo hakuna ajuaye ni la nani. Na mtu akitoka gerezani akuta wengine wanalima mahali alipozikwa baba yake.

Wakili mwaminifu hufanya kazi nyingine kabisa. Akitoka Musoma kwenda Tarime avuka Daraja la Kirumi, afika langoni, aacha simu yake, angoja. Mfungwa aletwa. Kwa kuwa wakili hamjui, yampasa atambulishwe na mtu ambaye wakili anamfahamu, na mara nyingi huyo ni askari magereza. Kisha yaja majina. Huku kwetu akina Mwita na Chacha ni wengi mno, na aliyeandikwa Chacha Mwita kwenye hati ya mashtaka pengine ni Mwita Chacha kwenye karatasi za shamba! Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nasi twashukuru. Hata hivyo yuko mzee ambaye Kikuria au Kingoreme pekee ndicho kimwingiacho moyoni, naye hutafutiwa mkalimani, asomewe neno kwa neno, aulizwe kama ameelewa. Mkristo huapa, Mwislamu huthibitisha. Ndipo kidole kiguse wino.

Kazi hiyo yaweza kumaliza siku nzima kwa hati moja. Bwana wetu aliposema kwamba aliyemwendea mfungwa alimwendea yeye, hakutaja sabuni na sukari peke yake.

Makatekista wetu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliagiza Jeshi la Magereza liwe na utaratibu wa kuwawezesha walio kizuizini kupata msaada huo. Msione haya kuuliza langoni. Nanyi mama zetu mnaotusikiliza, ambao mume au mwana yumo ndani, mkienda kumwona mwulizeni mambo mawili: hukumu ilisomwa tarehe ngapi, na jina lake liliandikwaje mahakamani. Yaandikeni, mkampe katekista. Wakili akifika, ataanza na hayo.