Askari wa Mwili na Viranja Wao

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme machache juu ya sayansi. Mimi ni mtumishi wa serikali, si tabibu. Lakini jambo hili liliingia katika ukoo wetu, ikanibidi nilisome.

Mpwa wangu alishikwa na kisukari akiwa na miaka 9. Majirani walisema amerogwa. Wengine wakasema mama yake alimzoesha vitamu. Dada yangu akawa analia na kujilaumu. Kumbe chembe nyeupe za damu ya mtoto, askari wale wale wanaomlinda na maradhi, zilikuwa zimeigeukia kongosho na kuharibu chembe zinazotengeneza insulini.

Kwa nini askari wamgeukie mwenye nyumba? Niliposoma hapa, tulifundishwa habari za askari wanaopigana tu. Shimon Sakaguchi wa Japani alikuwa amewatoa panya tezi ya kifuani siku tatu baada ya kuzaliwa, nao wakashambuliwa na kinga yao wenyewe. Alipowatia chembe za panya wazima wa uzao ule ule, walisalimika. Wataalamu wengi walikwisha kulitupa wazo la chembe zenye kuzuia, yeye hakuliacha. Mwaka 1995 alionyesha kuwa miongoni mwa askari hao wamo viranja, ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao.

Huko Marekani kulikuwa na panya wa uzao dhaifu, waliojitokeza katika miaka ya 1940. Madume yao huishi majuma machache tu, ngozi, ini na mapafu vikiwa vimevamiwa na kinga yao. Mary Brunkow na Fred Ramsdell waliitafuta jeni yenye kasoro. Zilibaki jeni 20, wakazipima moja moja. Kasoro ilikuwa katika ile ya 20. Mwaka 2001 waliitangaza: Foxp3. Jeni hii huwasha na kuzima jeni nyingine, na ndiyo inayoifanya chembe iwe kiranja. Wavulana wachache duniani huzaliwa na kasoro hiyo, na wengi wao hupata kisukari wangali wachanga. Mwaka 2025 wataalamu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel.

Mpwa wangu hana kasoro ile adimu, ila askari wake nao walikosa kuzuiwa. Majaribio ya kuwaongeza viranja mwilini yanaendelea. Yeye bado anajidunga insulini kila siku. Lakini nilipomweleza dada yangu haya, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nikamjibu, "Si wewe, dada."

Vijana, msichoke mkiwa kwenye ya 19. Na mkienda likizo, mkisikia mgonjwa anasingiziwa uchawi au mzazi analaumiwa, semeni mliyojifunza, kwa adabu.